Tunashuka Kwa Remmy

Mhariri wetu alipotutaka kila mmoja aandike kuhusu wimbo anaoupenda, majina yalimiminika kwenye kundi la WhatsApp la chama: Diamond, Zuchu, Sauti Sol, Nandy, na mmoja wetu (anajijua) akamtaja Bi Kidude ili mwalimu afurahi. Mimi sikuandika kitu siku ile. Wimbo wangu ni wa mtu aliyefariki nikiwa na miaka sita, na nimeucheza utotoni nikidhani ni wimbo wa sherehe. Unaitwa "Kifo".

Najua, jina lenyewe linatosha. Lakini mtoto wa miaka mitano hasikilizi jina la wimbo. Anasikiliza magitaa, na magitaa ya Remmy Ongala na Super Matimila hayalii msiba hata kidogo. Gitaa la solo linaingia jembamba, la pili linalijibu, besi inakuja chini yao kama mtu mnene anayecheza polepole, na ukishtuka miguu yako imeshaanza.

Nyumbani kwetu Bristol, Jumapili ilikuwa na utaratibu wake. Tukitoka kanisani mama anasonga ugali, baba anaosha mchicha wa kutoka maduka ya Stapleton Road, na redio ya kaseti iko juu ya friji. Baba ni dereva wa basi. Wiki nzima anaendesha bila muziki, kwa hiyo Jumapili ilikuwa siku ya kulipa deni. Kaseti zake alitoka nazo Dar es Salaam mwaka 1998 ndani ya boksi la viatu, nyingi hazina majalada, anazitambua kwa rangi ya wino. Ya Remmy ilikuwa na wino wa kijani. Utepe ukikwama, aliingiza kalamu kwenye tundu akaizungusha taratibu, kwa subira ambayo mimi na kaka yangu hatukuwahi kuiona akiitumia kwetu.

"Kifo" ikianza, sisi wawili tunaruka jikoni. Mama hakupenda. "Zimeni huo wimbo, mnaniletea mkosi kwenye chakula." Baba anasema, "Waache wacheze. Hata sisi tuliucheza."

Kaseti ileile ilikuwa na wimbo mwingine ambao mama aliuogopa zaidi, "Mambo kwa Soksi". Mimi nikiwa na miaka saba niliamini kwamba ni wimbo wa soksi. Wageni wa kanisani walipokuja kwetu, nikavaa soksi zangu nzuri, nikasimama katikati ya sebule nikauimba kwa sauti. Mama alikuwa ameshika sinia la vikombe. Vikombe vilipona, sijui vilipona vipi. Nilimuuliza baba baadaye kwa nini mchungaji alicheka mpaka akatoa leso, akaniambia nikamuulize mama. Mama akaniambia nikamuulize baba. Jibu nimelipata nikiwa na miaka kumi na tisa, darasani, mbele ya wenzangu kumi na mmoja: wimbo ule wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 unawahimiza watu watumie kondomu, wakati UKIMWI unaua, na soksi ndilo jina alilolitumia. Redio Tanzania ilikataa kuupiga. Kituo cha redio wakati ule kilikuwa kimoja tu Tanzania Bara, kwa hiyo kukataliwa pale ilikuwa kukataliwa kwelikweli. Hata hivyo watu waliusikia kwenye mabaa na kwenye kaseti, na kaseti mojawapo ikaja kukaa juu ya friji yetu.

Nirudi nyuma kidogo. Kiswahili changu nikiwa mdogo kilikuwa cha masikio. Nilielewa nikiitwa, nikitumwa, na hasa nikikaripiwa; lakini nilijibu kwa Kiingereza, na hakuna aliyenilazimisha. Nikijaribu, baba alicheka. Hakuwa na ubaya, ni mcheshi tu, na mimi kila sentensi nilimpa kichekesho: "kitabu yangu", "maji imemwagika", "watoto zile". Akizirudia kwa wageni, wageni nao wanacheka. Nikaona afadhali ninyamaze.

Mwaka 2017, nikiwa na miaka kumi na mitatu, tulikwenda Dar es Salaam kwa wiki nne. Binamu zangu waligundua mara moja kwamba siwezi kusema ng'ombe. Kila jioni: "Sema ng'ombe." Nikisema "ngombe", wanaanguka kwa kicheko. Wakaleta na majirani. Bibi ndiye pekee ambaye hakunicheka. Alikuwa akiongea nami polepole, kama mtu mzima anayepunguza hatua kwa sababu ametoka na mtoto, na mimi nilimjibu kwa kichwa na kwa mikono.

Bibi aliishi kwa shangazi, Sinza. Siku ya kwanza tuliyokwenda huko kwa daladala, baba alimwambia konda, "Tunashuka Kwa Remmy." Nikamuuliza kama huyo Remmy ni ndugu yetu. Alicheka mpaka konda akauliza kuna nini, baba akamweleza, na konda naye akacheka, na baada ya hapo abiria wa viti vya karibu. Wakati mwingine wote nilikuwa nachekwa. Siku hiyo, sijui kwa nini, nilicheka nao. Kituo kinaitwa Kwa Remmy kwa sababu mwanamuziki wa kaseti ya wino wa kijani aliishi maeneo yale. Baba anaendesha basi kwenye vituo vilivyopewa majina ya makanisa na ya matajiri wa zamani. Sikuwahi kufikiri kwamba mpiga gitaa anaweza kuwa kituo.

Bibi alifariki Januari 2022. Nauli za ndege wiki ile zilikuwa kubwa kuliko tulichokuwa nacho, na mazishi hayakuweza kusubiri. Baba aliyaona kwa video ya simu. Picha ilikuwa inaganda: watu wamesimama, mtu ameinua mkono, halafu hakuna kitu, halafu kaburi limeshafukiwa. Watanzania wenzetu walikuja wakajaa sebuleni, mama akapika wali kwenye sufuria ya kuazima. Jioni shangazi akapiga simu. Baba aliongea naye muda mrefu, kisha akanigeukia akanipa simu. "Ongea na shangazi yako."

Nilikuwa na neno moja tu, pole. Na pole kwangu lilikuwa neno la kujikwaa mlangoni, la mafua, la chai iliyopoa. Sikuamini kwamba ndilo hilohilo watu wanalotumia kwa aliyefiwa na mama yake. Nilidhani kuna neno jingine kubwa ambalo sikufundishwa, na kwamba nikilisema hili dogo nitamtukana. Nilifikiria pia sauti yangu, "ngombe", na watu waliokuwa wamekaa naye upande ule wakisikiliza. Nikashika simu sikioni nikanyamaza.

"Haloo?" akasema shangazi. "Haloo? Mwanangu?" Kimya. "Aa, mtandao mbovu leo. Haya, nitapiga siku nyingine." Akakata.

Nikamrudishia baba simu. "Imekatika," nikasema. Neno pekee la Kiswahili nililotamka siku ile lilikuwa uongo.

Usiku wageni walipoondoka baba alikwenda kukaa kwenye gari, ile Toyota kuukuu ambayo bado ina sehemu ya kaseti. Dirisha la chumba changu linatazama barabara. Nikasikia magitaa. Ulikuwa wimbo niliourukia jikoni miaka yote, na safari hii kwa mara ya kwanza niliyasikia maneno. Mtu anakisemesha kifo. Anakilalamikia uso kwa uso, kama unavyomlalamikia jirani aliyekudhulumu, wala hatumii maneno makubwa. Yote niliyaelewa. Hakuna neno lililonishinda katika wimbo ule. Ningeweza kuyasema yote mimi mwenyewe, kama ningekuwa nayasema.

Chuoni nilijiandikisha Kiswahili nikitegemea maksi za bure. Wengi wetu tuliokulia na lugha hii nyumbani tumeingia kwa mlango huo, tusidanganyane. Muhula wa pili mwalimu alitupa kazi: chagua wimbo, uandike maneno yake kwa kuusikiliza, kisha uchambue lugha yake. Nikachagua "Kifo". Nilikuwa nimeshajifunza ngeli zote kwa jedwali, na nilikuwa na hasira nazo kidogo, kwa hiyo nilifanya kitu ambacho leo kinanitia aibu. Kila mahali ambapo Remmy hakusema kama kitabu kinavyosema, nilipiga mstari mwekundu. Matamshi, mistari; upatanisho, mistari. Nikaandika mwishoni kwamba msanii huyu hakuwa na Kiswahili sanifu. Nilijisikia vizuri sana. Kwa mara ya kwanza ni mimi niliyekuwa nasahihisha.

Mwalimu alirudisha kazi yangu bila kugusa mistari yangu. Pembeni aliandika swali moja kwa penseli: "Na Dar es Salaam walimwelewa?"

Ndipo nilipoanza kumsoma Remmy. Jina lake kamili ni Ramadhani Mtoro Ongala. Alizaliwa mwaka 1947 Kindu, mji wa Maniema kwenye ukingo wa mto Lualaba, Kongo ikiwa bado chini ya Wabelgiji. Inasimuliwa kwamba mama yake alikuwa amepoteza watoto kabla yake, na mganga akamwambia mtoto huyu amzalie porini na asimnyoe nywele. Alizaliwa tayari ana meno mawili ya mbele. Alianza muziki kwao, akapitia bendi mbalimbali, na mwaka 1978 akaja Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy, bendi ya mjomba wake. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Kutoka hapo akaingia Matimila, ambayo baadaye ikawa Super Matimila. Watu wakamwita Dokta Remmy, naye mwenyewe akijitania kwamba ana sura mbaya.

Kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha Kongo, na lafudhi hiyo haikumtoka. Baba mwenyewe anaiiga akitaka kutuchekesha. Mwalimu alinieleza kitu ambacho sijaacha kukifikiria: Kiswahili kilifika Maniema karne ya 19 pamoja na misafara kutoka pwani, ile ya akina Tippu Tip, iliyokwenda kutafuta pembe na watumwa. Kilifika vibaya, kwa bunduki. Lakini kilibaki, watu wa kule wakakifanya chao, wakakibadilisha walivyotaka. Na baada ya miaka mia hivi kikarudi pwani na Remmy Ongala, kimebeba gitaa.

Wala hakuona aibu nacho. Hilo ndilo lililonigusa, nikikumbuka simu ya shangazi. Mtu ametoka Kongo, Kiswahili chake kinajulikana kuwa cha Kongo mara tu akifungua mdomo, na kwa Kiswahili hichohicho anasimama kuwa sauti ya wanyonge wa Dar es Salaam. "Mnyonge Hana Haki" ni jina la wimbo wake mmoja, na "Sauti ya Mnyonge" ni wimbo mwingine. Alisema ya maskini, ya soksi ambazo redio haikutaka kuzisikia. Sijapata kusikia kwamba kuna aliyemwambia kwanza arekebishe ngeli. Baadaye hata kwa Kiingereza aliimba, katika santuri ya *Mambo* ya mwaka 1992. Kiingereza chake nisikisifu sana, lakini "No Money, No Life" inahitaji sarufi gani zaidi ya hiyo?

Kuna jambo moja ambalo baba hakuwa analijua, na nilifurahi kuwa mimi wa kumwambia. Remmy alikuja Uingereza mwaka 1988 na tamasha la WOMAD, lile lililoanzia Shepton Mallet, Somerset, mwaka 1982. Mwaka uliofuata *Songs for the Poor Man* ikatolewa na Real World, lebo ya Peter Gabriel, ambayo studio yake iko Box, Wiltshire, kwenye kinu cha zamani cha maji. Kutoka kwetu ni treni mpaka Bath, halafu basi. Baba ameishi umbali huo miaka ishirini na tano, akiwa na kaseti ya Remmy juu ya friji.

Tulikwenda Jumamosi moja mwezi Machi, mimi na yeye. Kwenye basi la kwenda Box alimkosoa dereva kila kona. Kijiji ni kidogo, nyumba za mawe, mvua ya kunyunyiza, kijito, treni za London zinapita. Studio si mahali pa kutalii. Haina lango la kukaribisha watu wala picha za wasanii, na sisi hatukuwa na miadi. Tulisimama barabarani tukatazama mapaa. Nilifikiri baba atasikitika, lakini alikuwa anatabasamu. Akaanza kuniambia jinsi alivyomwona Remmy akipiga, mwaka 1989, ukumbi wa baa, kiingilio alikopa, viatu alikopa, na saa nane usiku ulipopigwa "Kifo" watu wote walikuwa wanacheza, na pembeni yake mwanamume mzima alikuwa anacheza huku machozi yanamtoka. "Hakuacha kucheza," baba alisema. "Alifuta tu uso, akaendelea."

Pale barabarani, na mvua ile, nikamwambia baba kuhusu simu. Nilimwambia kwa Kiswahili, na nadhani nilikosea mengi. Nikasema haikukatika, mtandao haukuwa mbovu, mimi ndiye niliyenyamaza, na shangazi mpaka leo anadhani ni mtandao.

Baba hakucheka. Alitazama kijito.

"Shangazi yako alijua," akasema. "Aliniambia siku ileile. Alikuwa anakusikia unapumua."

Nikauliza kwa nini basi alisema mtandao mbovu. Baba akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini mvua inalowesha. "Angesema nini? Alikusitiri, mwanangu."

Hatukuongea sana kurudi. Bath tulinunua chipsi tukala kwenye benchi la kituo, na baba akaniambia kwamba enzi hizo bendi nyingi vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi, mwanamuziki akigombana na tajiri anaondoka na sauti yake tu. Halafu akanyamaza, halafu akasema hata kunicheka mimi nilipokuwa mdogo haikuwa vizuri. Alisema hivyo akitafuta chumvi kwenye mfuko. Sikumjibu, nilimpa chumvi.

Dokta Remmy alifariki Desemba 2010, Dar es Salaam. Miaka yake ya mwisho alikuwa ameokoka na aliimba nyimbo za injili. Baba hazipendi, mama anazipenda, na hiyo ndiyo sababu kwetu kuna ugomvi wa muziki mpaka leo. Kituo bado kinaitwa Kwa Remmy.

Jumapili iliyofuata nilimpigia shangazi. Nilikuwa nimeandika karatasi yenye mambo ya kusema, nikaipanga kwa namba, nikaisoma mara tatu bafuni. Simu iliita muda. Nyuma yake nikasikia kuku, na mtoto anayeitwa aje anywe uji.

"Shikamoo shangazi," nikasema. "Pole na msiba wa bibi. Nimechelewa."

Upande ule kukawa kimya, na safari hii ni mimi niliyemsikia mwenzangu akipumua.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Nimeshapoa." Kisha akasema, "Leo mtandao mzuri." Akaniuliza kama nimekula.